Alama ya Miwani

Nilikuwa nimebeba bakuli la mchuzi nilipomwona Fundi akiingia sebuleni kwetu na alama ya miwani ya kuzamia usoni.

Wengine wote waliona mchumba wangu, shati jeupe la mikono mirefu, nywele zimechanwa, mama yake amemshika kiwiko. Mimi niliona mstari. Ulianzia kwenye paji la uso, ukateremka pembeni mwa macho, ukapita mashavuni na kuishia juu ya mdomo. Alama ile hukaa usoni saa moja, ikizidi sana mbili, kisha ngozi inajirudi. Nimeiona kwa wageni ninaowaongoza baharini kila siku kwa miaka minne, nimeiona kwangu mwenyewe kwenye kioo. Hata nikiamshwa usingizini siwezi kuikosea.

Bakuli likainama, mchuzi ukafika ukingoni. Shangazi akalidaka.

"We mtoto, usitumwagie mchuzi kwa mapenzi! Kesho mtakuwa naye huko peke yenu. Leo tuacheni tule."

Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, lakini macho yake yaliishia kwenye kitambaa cha meza. Tangu nimjue hajawahi kuingia chumba nilichomo bila kunitafuta kwanza. Siku hiyo alimsalimia baba yangu, mama yangu, shangazi yangu, akamsifu hata paka wa jirani aliyelala dirishani, na mimi hakuniona.

Ilikuwa karamu ya kutuaga, saa tisa alasiri. Ndege yetu ilikuwa ya saa moja asubuhi iliyofuata.

Niseme jambo ambalo kila mtu kazini kwetu analijua na nyumbani kwetu hakuna anayelijua. Ukizama na mtungi wa hewa mgongoni, damu yako hunywa hewa kuliko kawaida. Inahitaji muda kutoka. Ukipanda ndege kabla haijatoka, mwili wako unakuwa kama chupa ya soda iliyotikiswa halafu ikafunguliwa, na povu hilo linaweza kukuacha kiwete au maiti. Kwa hiyo kwenye shule ya kuzamia tunakofanya kazi kanuni ni moja: saa ishirini na nne kabla ya kuruka, hakuna kugusa maji. Jana yake asubuhi nilichukua kitambaa mimi mwenyewe nikafuta majina yetu mawili kwenye ubao wa wazamiaji. Fundi alisimama nyuma yangu akaniambia, "Futa vizuri, Mlafi. Usiache hata herufi."

Mlafi ni mimi. Jina hilo alinipa wiki yangu ya kwanza kazini, maana nilikuwa namaliza mtungi wangu wakati wenzangu bado wana nusu. Yeye ndiye fundi wa kompresa, anayejaza mitungi, na alikuwa anakuja kuisoma geji yangu na kutikisa kichwa. "Dada, hewa yangu unaila kama karanga," alisema. Kisha akanifundisha kupumua. Vuta polepole, toa polepole, usishindane na maji. Nilimpendea hapo.

Mwaka jana tulikusanya akiba ya miaka miwili tukaenda ng'ambo wiki mbili, kuzamia na kutafuta kazi. Asubuhi tulikuwa wageni kama wageni wengine, tunashuka kuangalia matumbawe na kasa. Mchana tunaoga, tunavaa nguo za heshima, tunabeba bahasha za vyeti na kubisha hodi kwenye kila shule ya kuzamia na kila chombo kilichofungwa gatini. Tulikataliwa kwa adabu mahali kumi na moja. Siku ya kumi na tatu tulikuwa kwenye meli ndogo ambayo wazamiaji hulala humo humo wiki nzima, na kompresa yake ikafa katikati ya bahari. Fundi alivua shati akalala chini yake kwa saa tano. Ilipowaka, nahodha, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alituangalia akasema, "Msimu ujao nataka nyie wawili. Wewe uongoze wageni, huyu alinde mashine yangu." Usiku ule tulilala kwenye sitaha tukipanga majina ya watoto.

Na sasa msimu ulikuwa umefika, mabegi yako mlangoni, na mume wangu mtarajiwa alikuwa na alama ya miwani usoni.

Baba alisimama. Akagonga glasi kwa kijiko.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alianza, na Shangazi akakohoa. "Nilipoambiwa binti yangu anataka kwenda nchi ya watu kufanya kazi chini ya maji, nilisema hapana. Nikaulizwa tena, nikasema hapana. Mama yake akaninunia wiki mbili, nikala chakula kilichopoa, na bado nikasema hapana."

"Na ukala chote," Mama alisema.

"Nilikula kwa hasira. Sasa sikilizeni. Nimekubali kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe imekaa pale. Fundi, mwanangu, simama." Fundi akasimama. "Simpeleki mtoto wangu kwa nahodha nisiyemjua. Nampeleka kwako. Mbele ya mama yako na mbele ya ndugu zangu, namkabidhi mikononi mwako. Umempokea?"

Mkono wa Fundi uliminya mgongo wa kiti. Niliona mishipa ikisimama.

"Nimekusikia, Mzee."

"Sikukuuliza kama umesikia. Masikio unayo. Nimeuliza, umempokea?"

"Nampenda, Mzee," Fundi alisema. "Mungu anajua."

Shangazi akapiga kigelegele, Mama akajifuta macho kwa ukingo wa kanga, Baba akakaa ameridhika. Hakuna aliyegundua kwamba swali halikujibiwa. Mama yake Fundi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anapapasa meza taratibu akitafuta kijiko, na kijiko kilikuwa mbele yake pale pale. Nikafikiri ni haya za ugenini, nikakisogeza kwenye vidole vyake.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akitabasamu upande ambao sikuwepo.

Nilimngoja Fundi ale matonge mawili ya heshima. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika, "Njoo unisaidie kubeba maji nyuma."

"Maji!" Shangazi akasema. "Siku hizi yanaitwa maji."

Nyuma ya nyumba kuna karo la kufulia na kamba mbili za nguo. Sare zetu mpya za kazi zilikuwa zimeanikwa pale, za bluu, mbili, bega kwa bega. Nikasimama mbele yake.

"Nionyeshe mkono."

"Mkono gani?"

"Huo unaouficha ndani ya shati."

Hakuutoa. Nikauchukua mwenyewe, nikafungua kifungo, nikakunja mkono wa shati mpaka kiwiko. Saa yake ya kuzamia ilikuwa pale, kioo bado kina chumvi. Saa hizi zinajua kila kitu: umeshuka mara ngapi, umefika wapi, umekaa muda gani. Ukitoka majini huchora ndege ndogo kwenye kona, na chini yake huhesabu saa zilizobaki mpaka uruhusiwe kuruka. Huanza na ishirini na nne.

Chini ya ndege palikuwa na ishirini na mbili na dakika hamsini.

"Umetoka majini saa moja iliyopita," nikasema.

"Saa moja na dakika kumi."

"Ahsante kwa dakika kumi."

"Mlafi..."

"Umeshuka mara ngapi?"

"Tatu. Ya mwisho mita arobaini."

"Na nani?"

Akashusha mkono wa shati juu ya saa. Mtu hazami peke yake. Hilo ni neno la kwanza tunalomwambia mgeni, kabla hata hajavaa mapezi.

"Kuna mgeni aliangusha kitu?" nikamuuliza. Nilikuwa namtafutia sababu mimi mwenyewe, kama mwanamke mjinga. "Kamera? Pete? Umetumwa na bosi?"

"Hapana."

"Basi ulisahau. Sema ulisahau, Fundi, nitakuelewa. Haraka za safari, kichwa kimejaa mambo..."

"Kanuni hiyo nimekufundisha mimi," alisema. "Nitaisahauje?"

Nikakaa kwenye ukingo wa karo. Huyu mtu alikuwa amezama makusudi. Alikuwa amechukua mitungi mitatu aliyoijaza kwa mikono yake, akashuka mpaka kina ambacho hatuwapeleki wageni, ili damu yake ikatae ndege. Ndege iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Meli yetu ilikuwa inang'oa nanga kesho yake jioni, na barua ya nahodha tuliisoma pamoja vichwa vikigusana: asiyekuwepo gatini, nafasi yake atapewa mwingine.

"Hutaki kunioa," nikasema.

"Usiseme hivyo."

"Hutaki kwenda na mimi, na umekosa ulimi wa kuniambia. Wewe! Wewe unayenitania kutwa kucha, unayeweza kumsimanga hata mkurugenzi wa shule! Leo mdomo umekauka, ukaamua kanuni iniambie badala yako. Mwoga mkubwa."

"Ni kweli."

"Usinikubalie! Nibishie!"

"Nibishe nini? Ni kweli." Alikaa chini sakafuni, mbele ya miguu yangu, na shati lake jeupe. "Nilijaribu. Jana jioni nilikuja mpaka hapa getini nikiwa nimeyapanga maneno yote. Ukanifungulia umevaa sare mpya, ukageuka mara mbili, ukaniuliza, 'Rangi inanikaa?'"

"Ukasema inanikaa."

"Ilikukaa, Mlafi. Ningesema nini tena?"

Nilianza kulia. Sikulia kwa uzuri kama wanavyolia kwenye sinema. Pua ilijaa, kifua kikashtuka, na nikajifuta kwa sare yangu mbichi iliyokuwa kwenye kamba.

"Niambie kwa nini," nikasema. "Unanidai... hapana, mimi ndiye ninayekudai hilo."

Alitazama mikono yake. Kucha za Fundi zina grisi ambayo haijawahi kutoka.

"Mama alikataa nipange begi. Alisema begi la mwana hupangwa na mama. Juzi jioni nikalifungua nitie vifaa vyangu. Mashati yamekunjwa vizuri, soksi zimefungwa mbili mbili. Chini kabisa nikakuta viatu. Vyote viwili vya kushoto. Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, kilinitoka katikati ya machozi.

"Na mimi nilicheka," alisema. "Nikamwita nimtanie. Nikampa. Akavipapasa, akasema, 'Si ndivyo hivi, mwanangu? Vimefanyaje?' Nikavisogeza mpaka karibu na pua yake. Hakuona. Akanitazama mimi akasema taa imekuwa hafifu siku hizi. Ilikuwa saa kumi jioni, madirisha yote wazi."

Sare kwenye kamba zilitikisika na upepo. Nikakumbuka kijiko.

"Tangu lini?"

"Jicho la kwanza lilizimika mwaka jana tulipokuwa safarini. La pili linafuata. Amejifunza nyumba kwa hatua: saba mpaka jikoni, kumi na mbili mpaka mlangoni. Daktari alimwambia na yeye akamwomba daktari asiniambie. Alinificha ili niende. Na juzi, baada ya viatu, bado ananiambia nenda. Anasema atazoea. Sina dada, Mlafi. Sina kaka. Nikienda, nani atamwambia maziwa yamechemka?"

Hasira yangu ilitafuta pa kushika ikakosa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningemkuta na mwanamke mwingine ningejua cha kufanya, ningevunja sahani. Unamvunjia nani sahani kwa mama anayepapasa kijiko?

"Basi nabaki," nikasema.

"Ndiyo maana sikusema."

"Nini?"

"Nilijua utasema hivyo kabla sijamaliza. Ungefungua begi hapo hapo. Miaka minne nimekuona ukiwafundisha watoto wa watu kuogelea kwenye maji ya kiunoni, ukiangalia kule ng'ambo. Wewe unayo kazi ya maisha yako inakungoja kesho jioni gatini. Nikaona bora uende umenikasirikia kuliko ubaki unanipenda."

"Ulinipangia mpaka hasira!"

"Nilikosea."

"Ulikosea sana." Nikainuka. "Na mimi najua kukosea."

Nilitoka kwa geti la nyuma na gauni langu la sherehe. Shule ya kuzamia iko dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Ilikuwa Jumapili, wageni hawapo, ubao uko mtupu. Ufunguo naujua unapofichwa. Nikachukua jaketi langu la kuzamia, nikachukua mtungi wa kwanza kwenye safu, nikaubeba mpaka ukingo wa gati, nikafunga kipumulio. Geji ikapanda mpaka mia mbili. Umejaa. Fundi hajazi mtungi nusu.

Nilihitaji kuzama mara moja tu. Mita kumi na tano, dakika thelathini, na saa yangu nayo ingechora ndege. Ningerudi nyumbani nimelowa nimwambie Baba, tazama, haiwezekani tena. Asubuhi nilikuwa sijui mtu anawezaje kufanya upumbavu kama ule. Kufika saa kumi na moja nilikuwa navua viatu.

Nilisikia hatua zake zikikimbia juu ya mbao.

"Mlafi, acha."

"Niache. Kwani maji ni ya mama yako?"

"Unaenda peke yako."

"Nimefundishwa na bingwa."

Sikumwangalia. Alipiga magoti upande wa pili wa mtungi, akafunga koki, akakibofya kipumulio kikatoa pumzi yake ya mwisho, akakifungua na kukiweka pembeni juu ya taulo, kwa uangalifu, kama tulivyofundishwa. Kisha akashika koki tena na kuifungua yote.

Hewa ilitoka kwa kishindo. Mtu asiyesikia mtungi uliojaa ukimwagwa hawezi kujua kelele ile. Inafunika kila kitu. Ndege waliokuwa kwenye paa la shule waliruka wote. Huyu ndiye mtu aliyekuwa anawafokea vijana wa kazi kwa koki inayovuja kidogo, akisema hewa ile ni jasho lake. Alishika koki ikiwa wazi, mkono wake ukaanza kuwa mweupe kwa baridi, maana chuma hupoa hewa inapotoka, na hakuuondoa. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Tulikaa hivyo, mtungi katikati yetu, dakika tatu au nne, mpaka kishindo kikawa mluzi, mluzi ukawa pumzi, kisha kimya.

"Kuna mingine kumi na minane mle ndani," nikasema.

"Najua. Nina jioni nzima."

Nikamwangalia usoni. Alama ya miwani ilikuwa imefutika. Alikuwa Fundi tu, macho mekundu, akinitazama kama alivyozoea kunitafuta akiingia chumbani. Nikambusu. Midomo yake ilikuwa na chumvi, sijui ya bahari au yetu.

"Baba hataniruhusu bila wewe," nikasema.

"Nitamwambia mwenyewe. Leo hii. Nisipoweza kusema, nisukume."

Sikumsukuma. Alipoingia sebuleni alisimama mahali pale pale aliposimama mwanzo, nyuma ya kiti kile kile.

"Mzee, uliniuliza kama nimempokea na mimi nikakujibu jambo jingine. Siwezi kumpokea. Sisafiri. Nimezama leo kwa makusudi ili nisiweze kusafiri."

Akaeleza kila kitu. Mikono ya mama yake ikatulia juu ya meza. Shangazi akarudisha tonge lake sahanini.

"Umeniaibisha, mwanangu," mama yake alisema taratibu. "Nilikwambia nenda. Nilihesabu hatua mwaka mzima ili uende." Akainuka ghafla amfuate, akajigonga kwenye pembe ya meza, glasi ikaanguka. Alisimama katikati ya chumba asichokijua, mikono mbele, hana hatua alizozihesabu. Mama yangu alikuwa wa kwanza kufika. Akamshika mabega, akamkalisha, akakaa naye kiti kimoja.

Baba aliiokota glasi akaiweka mbele ya mama yule.

"Umefanya kitoto," alimwambia Fundi. "Ungekuja kama mwanaume ningekusikiliza."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe binti, begi likafunguliwe. Nimesema tangu mwanzo, bila yeye huendi. Nitamkabidhi nani mtoto wangu? Nahodha? Bahari?"

Nilimwangalia Fundi. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda aseme, basi, abaki. Angesema hivyo ningebaki, na tungeoana mwezi uleule, na ningemwambia mama yake maziwa yamechemka, na ningekuwa na furaha siku nyingi. Aliinua mkono wake wenye saa, akaweka kiganja kifuani. Ni ishara yetu ya chini ya maji. Maana yake ni: polepole, pumua.

"Nikabidhi kwangu, Baba," nikasema.

"Nini?"

"Nina miaka ishirini na saba. Nimewapandisha watu juu salama, zaidi ya elfu, hata mmoja hajaumia. Nikabidhi kwangu mwenyewe. Niulize kama ulivyomuuliza yeye."

Baba alimgeukia Mama. Mama aliinua tu sahani yake ya chakula kilichopoa akaitazama, na Baba akaelewa. Alikohoa. Akasimama wima kama mwanzo, lakini sauti haikuwa ile.

"Mbele ya ndugu zangu," alisema, "namkabidhi binti yangu kwako wewe mwenyewe. Umempokea?"

Nikajua nikijibu nimeachana na Fundi: kazi yangu iko ng'ambo, mama yake yuko huku. Yeye naye alijua. Aliniangalia moja kwa moja, hakupepesa.

"Nimempokea, Baba."

Shangazi hakupiga kigelegele.

Asubuhi, kwenye kiwanja cha ndege, Fundi alikuja na mama yake. Mama yule aliniomba uso wangu. Akaupitia kwa vidole, paji, nyusi, mashavu, polepole.

"Umelia sana," akasema. "Nilikuwa nimekusahau sura. Sasa nimekukariri."

Fundi alinibebea begi mpaka pale ambapo asiye na tiketi hapiti. Nikamshika mkono, nikaigeuza saa yake.

"Imebaki ngapi?"

"Nane na nusu."

"Kidogo tu."

"Kidogo tu," alisema. Akanikumbatia, na kwenye sikio langu akasema neno moja la mwisho. "Pumua, Mlafi."

Nilibadilisha ndege njiani, nikatua mchana, nikapanda gari mpaka bandarini nikiwa na sare ya bluu ambayo bado ilikuwa na unyevu kwenye ukosi. Simu ililia nikiwa natembea gatini. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: *Ndege imefutika kwenye saa yangu sasa hivi.*

Nilisimama katikati ya gati na begi langu. Sasa angeweza kupanda ndege yoyote duniani.

Nahodha alikuwa juu ya ngazi, na karatasi yake na sauti yake ya tarumbeta. Aliangalia nyuma yangu, kulia, kushoto, akitafuta.

"Nimeandika wawili hapa!" alipaza sauti. "Mko wangapi?"

Nikavuta hewa polepole, nikaitoa polepole.

"Mmoja," nikasema.